Walikuwa Wanakungoja Upone

Bwiza, Bujumbura

Baba,

Barua zote ulizonifundisha kuandika zilianza kwa kumuuliza mtu hali yake, halafu ndipo unamwambia ya kwako, kwamba sisi huku ni wazima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Leo nimekaa na kalamu muda mrefu sijui nianzie wapi. Hali siwezi kukuuliza, na hofu haiko kwako tena, iko kwetu. Basi nianze na habari yenyewe: shule imenikubali. Naondoka wiki ijayo.

Nimekaa barazani kwenye kiti chako, kile chenye mguu uliofungwa waya. Mama yuko ndani anapanga upya sanduku ambalo nilikwisha kulipanga. Ametoa vitabu vyangu viwili, mahali pake ametia unga wa muhogo. Nilimwambia Amerika nako watu wanakula. Akasema anajua wanakula, ila hajui wanakula nini.

Wewe uliiacha habari hii katikati, kwa hiyo nitakueleza kwa utaratibu, ingawa mwanzo wake unaujua. Mwalimu Bahati ndiye aliyeileta nyumbani, yule mkimbizi wa Bukavu anayetufundisha Kiingereza. Alisema kuna shule ya bweni kule Amerika inayopokea watoto wachache kutoka nchi zenye vita, inawasomesha na kuwalisha bure. Mama akasema kitu cha bure kilicho mbali namna ile lazima kina sababu. Wewe ulichukua kijitabu chenye picha za shule, ukatazama kwa muda mrefu ule ukurasa wa uwanja mkubwa wa kijani, kisha ukasema, "Majani yote haya, na mbuzi hata moja apana." Tangu siku hiyo shule hatukuiita kwa jina lake. Ilikuwa ni "kule kwenye majani", na mpaka leo ni hivyo.

Ulikuwa na maswali yako. Kama kuna mahali pa kuswali. Kama mlango wa wasichana unafungwa kwa ufunguo, na ufunguo anakaa nao nani. Nani ataniamsha daku. Mwalimu Bahati aliona haya kuwauliza Wamarekani habari za daku, lakini ulimkalia kooni mpaka akaandika. Wakajibu swali moja moja, hata la daku: kuna mama anayelala bweni pamoja na wasichana, naye ataniamsha. Ulisoma jibu lile, yaani nilikusomea, ukarudisha kofia nyuma ukasema hawa watu wana adabu. Nilijua hapo kwamba umekubali. Siku ya mtihani wa Kiingereza ulifunga duka la spea, ukasimama nje ya geti na mikono yako ya grisi, na nilipotoka hukuniuliza mtihani ulikuwaje. Uliniuliza kama nina njaa.

Zikabaki karatasi za mwisho, ambazo mzazi alitakiwa kuzitia sahihi. Tulikuwa tumeandika jina lako. Ulisema utazitia sahihi ukirudi kutoka Kigali, kwa mkono uliotulia, si kwa mkono wa haraka. Asubuhi ukaondoka na msafara wa magari kwenda kutafuta spea, kama ulivyokuwa ukienda siku zote.

Kilichotokea barabarani unakijua kuliko mimi. Mimi najua cha huku. Baada ya adhuhuri Baba Mdogo Saidi aliingia uani, hakukaa, hata kiti alichowekewa hakukitazama. Akasema, "Baba yenu aliumia kidogo. Iko hospitali. Kidogo tu." Mama akamuuliza umeumia wapi, akasema mguuni. Mama akanipa kandambili zako, kwa sababu mtu wa mguu mbovu havai viatu. Mimi nikapika uji, nikautia kwenye ile chupa nyekundu ya chai, nikafuatana na Baba Mdogo. Habari za njia ile nitakuja kukueleza mwishoni. Kwa sasa inatosha kusema kwamba hakukuwa na mguu wala kitanda. Ulikuwa umekwisha kufunikwa shuka, na wanaume wa msikitini walikuwa wamesimama nje wakiningoja mimi na chupa yangu.

Wala sikumlaumu Baba Mdogo. Sisi ndivyo tulivyo, na wewe ulikuwa mmojawapo. Mtoto wa shangazi alipofia Rumonge, wewe mwenyewe ulimpelekea shangazi habari kwamba kijana ana homa, aje. Nilikuuliza kwa nini, ukaniambia mtu aliye mbali hapewi habari nzima akiwa peke yake njiani. Anapewa homa kwanza, mengine atayakuta akiwa amezungukwa na watu wake. Nilikuwa mdogo, nikaona ni sawa, na sikulifikiria tena mpaka Wamarekani walipoingia humo.

Matanga yalipokwisha, Mwalimu Bahati alikuja na ujumbe kutoka shuleni. Wanauliza karatasi za mzazi ziko wapi, siku za kupokea maombi zinakwisha. Mama alikuwa eda, hatoki nyumbani, kwa hiyo Baba Mdogo ndiye aliyeshika shughuli zote za nje. Tukaenda naye mjini kwenye chumba cha kompyuta. Yeye alikuwa anasema kwa Kiswahili, mimi naandika kwa Kiingereza. Akasalimia shule kwanza, akawaulizia wazee wao na watoto wao. Kisha akaniambia niandike kwamba baba anaumwa kidogo, kwa hiyo karatasi zitachelewa, naomba ruhusa mama atie sahihi.

Nilimtazama. Akasema huwezi kumpiga na kifo mtu ambaye hata hamjawahi kunywa chai pamoja. Nikaona ni kweli. Nawe ungeona ni kweli, usikatae. Mwalimu Bahati alisoma ujumbe kabla haujaondoka, akasahihisha Kiingereza changu, ugonjwa akauacha vile vile ulivyo.

Shule ikajibu haraka. Walisikitika sana. Walisema afya ya baba ni jambo la kwanza, tusiwe na wasiwasi hata kidogo, watashikilia nafasi yangu, wataingojea sahihi yako utakapopata nafuu. Baba Mdogo akafurahi akasema unaona, watu wa adabu. Tukarudi nyumbani tukitegemea kwamba wameelewa. Maana hapa kwetu mtu akiambiwa anaumwa kidogo, moyo unamdunda, anaanza kuuliza gari linaondoka saa ngapi.

Zikapita wiki, hakuna neno. Baba Mdogo akasema labda tulianza chini mno, sasa tupande ngazi. Tukaandika kwamba ugonjwa umezidi. Shule ikajibu siku ile ile: uko hospitali gani, unatibiwa na daktari gani, kuna dawa yoyote inayokosekana kwa sababu ya vita ambayo wao wangeweza kuituma? Wakaongeza kwamba asubuhi ile wanafunzi wote walikusanyika ukumbini, wakasimama kimya kukuombea. Nilisoma maneno hayo mbele ya watu wasionijua, mashine zinanguruma. Watoto wa watu, wamesimama huko kwenye majani yao, wanaomba upone.

Kisha ikaja kadi. Ilikuja posta, kwenye sanduku la duka, na jina lako limeandikwa vizuri kwa wino wa buluu. Nje ilikuwa na picha ya ua la njano. Ndani walikuwa wametia sahihi wanafunzi, wengi, kila mmoja kona yake, mwingine amechora jua linalocheka. Walikutakia upone upesi. Mama aliniambia nimsomee majina yote, nikayasoma yale niliyoweza kuyatamka, naye akaitikia kila jina kama anavyoitikia dua. Alipoishika ile kadi hakujua aiweke wapi. Akaisimamisha juu ya kabati karibu na redio yako. Wageni waliokuja kutupa pole walikuwa wanaikuta pale, na tukiwaambia imeandikwa nini wanashusha macho.

Mwalimu Bahati ndiye aliyezinduka. Alikuja jioni moja, akaisoma kadi akiwa amesimama, akakaa kitako. Alisema tumeharibu. Wenzetu hawa maneno yakiandikwa wanayachukua kama yalivyo. Wakiambiwa mtu anaumwa, basi anaumwa, na anayeumwa anangojewa. Na wakati sisi tunangoja waelewe, nafasi za shule zinagawanywa, hawawezi kuniwekea yangu mpaka mwakani. "Wanamungoja mwenzetu apone," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Baba, hilo ndilo lililokuwa linatokea. Kule nchi ya mbali kulikuwa na watu ambao kwao ulikuwa bado uko hai, na kwa sababu ulikuwa hai, mimi nilikuwa naikosa shule uliyoitaka.

Ungefikiri basi tungekimbia siku ya pili kuandika ukweli. Hatukukimbia. Baba Mdogo alisema sasa tutaonekana waongo, na mtoto wa waongo nani atampokea. Mimi nilikuwa na sababu yangu ambayo sikumwambia mtu. Nilikuwa siwezi kuliandika neno lile. Nilijaribu kwenye karatasi ya daftari, kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, nikaishia jina lako. Humu ndani tulikuwa tunasema umetangulia, umepumzika, hatunaye. Neno lenyewe lilikuwa halijaingia nyumbani.

Tukiwa bado tunasukumana hivyo, shule ikataka kupiga simu. Walitaja siku, na saa ikaangukia baada ya swala ya alasiri ya huku. Hamisi, jirani yetu wa duka la vitenge, alileta simu yake ya mkononi, akaiweka mezani juu ya kitambaa, akatoka nje kwa heshima. Tukabaki Mama na nguo zake za eda, Baba Mdogo, na mimi. Ilipolia nilisahau Kiingereza chote.

Aliyepiga alikuwa bwana wa ofisi ya kupokea wanafunzi, sauti ya mtu mzima, mpole. Alinisalimia, akaniuliza masomo, akaniuliza kama milio ya bunduki tunaisikia tukiwa nyumbani. Nikasema tunaisikia kutoka milimani, usiku, lakini shule zinafunguliwa. Kisha akasema anajua kwamba baba hana nguvu, wala hataki kumchosha, ila anaomba azungumze naye dakika moja tu, hata akiwa kitandani, amsikie kwa kinywa chake kwamba ameridhia. Baada ya hapo nafasi ni yangu.

Nikamtafsiria Mama. Baba Mdogo akageukia ukuta, akaninong'oneza, "Umuambie analala."

Mama akanyoosha mkono, si kwa simu, kwangu mimi, akanishika kifundo cha mkono. "Apana," akasema. "Umuambie alikufa."

Yule bwana alikuwa anasema halo, halo, anadhani laini imekatika.

"Alikufa," Mama akasema tena, polepole. "Umuambie vile vile, asiendelee kungoja."

Nikamwambia. Kwa Kiingereza ni maneno machache sana, yanakwisha kabla hujajiandaa. Akauliza, ni lini? Nikamwambia kabla ya ujumbe wetu wa kwanza. Nikajaribu kumweleza kwamba sisi mtu aliye mbali hatumwambii yote kwa mara moja, tunaanza na ugonjwa, si kwa kudanganya, ni kwa kumwonea huruma. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, bila ukali wowote, kwamba yeye sasa angeambiwa lini.

Nikamtafsiria Mama swali hilo. Mama akafikiri. "Umuambie angekuja angekuta matanga, tungemupa chai, angejua mwenyewe."

Nikalisema hivyo hivyo. Nikasikia anacheka kidogo, kisha anakohoa, na nadhani hakuwa anakohoa. Alisema anaomba nimpe Mama pole zake. Alisema amesikia sauti ya mzazi na inamtosha, Mama atie sahihi.

Nilipoiweka simu mezani ndipo nililia, Baba. Siku ya mazishi nilikuwa nahudumia wageni, nilikuwa na sufuria na vikombe vya kuhesabu. Siku ile sikuwa na la kufanya. Mama aliniacha nilie, hakuniambia ninyamaze wala nishukuru Mungu. Baba Mdogo alitoka, akarudi baadaye na mshikaki wa kututosha sote watatu, akala akiwa amesimama mlangoni.

Mengine yalikwenda bila matata. Mtu wa zone, ile ofisi ya serikali ya mtaa, alikuja nyumbani kugonga muhuri, kwa kuwa Mama alikuwa hatoki. Akanywa chai, akakuta ile kadi kabatini, naye akashusha macho kama wengine. Jibu la shule lilikuja kabla Mama hajamaliza eda. Ninaye atakayenipokea uwanja wa ndege, atashika kibao chenye jina langu. Mama anauliza atanitambuaje mtu aliyeshika kibao tu.

Na sasa habari za huku. Duka analiendesha Baba Mdogo. Ameleta redio kubwa kuliko duka, na wateja wako wanalalamika kwamba wakitaka bushi wanapewa beringi na muziki juu yake. Hata hivyo wanarudi, nadhani wanakuja kukaa mahali ulipokuwa ukikaa. Mama ametoka eda. Siku ya kwanza alikwenda sokoni akarudi na samaki wengi kuliko watu wa kuwala, tukagawia majirani. Vita bado. Wanasema mazungumzo yanaendelea, na usiku milima inasema yake. Wewe huna haja ya kujikunyata tena chini ya dirisha na sisi mgongoni mwako, na katika mambo yote haya hilo ndilo ninalomshukuru Mungu.

Vita hiyo ndiyo iliyonifanya nizungumze na Mama mwezi uliopita. Nilimwambia mimi nitakuwa mbali, na huku risasi hazichagui nyumba, na nimekwisha kuona jinsi tunavyopeana habari. Nikamwomba aniahidi kwamba likitokea lolote, kwa yeyote, ataniambia kama lilivyo. Sitaki kukaa kule kwenye majani kila siku najiuliza kama "wote wazima" ni kweli, kama mafua ya Baba Mdogo ni mafua. Mama alikubali. "Nitakuambia vile tulimuambia ule muzungu," alisema. Nikaona nimepata nilichokitaka.

Kisha juzi shule ikanitaka nichanjwe, nikaenda hospitali ile ile. Nilikuwa sijapita huko tangu siku yako. Nilikwenda peke yangu, nikashika barabara moja iliyonyooka, nikashtuka nimefika. Ni karibu mno, Baba. Mtu hapati hata jasho. Nikasimama getini nikijiuliza mbona siku ile tulitembea tukatembea mpaka uji ukaanza kupoa.

Nikakumbuka kwamba Baba Mdogo alinipitisha nyuma ya soko. Akanipitisha msikitini, tukasimama anywe maji, naye hakuwa na kiu. Tukamsalimia fundi cherehani ambaye hatukuwa na shida naye. Wakati ule nilifikiri anakwepa askari. Nilimkasirikia kimoyomoyo, maana nilikuwa nataka nifike. Njiani nilikuwa nafikiri mambo madogo: kama sukari inatosha kwenye uji, kwa sababu wewe ulipenda uji wa sukari nyingi na Mama alikuwa anatukataza. Nilikuwa nimekuibia vijiko viwili. Nilikuwa najua utaonja, utanikonyeza, utamwambia Baba Mdogo uji hauna sukari kabisa. Nilikuwa nacheka peke yangu na kandambili zako kwapani.

Nikapitia dukani nikamuuliza Baba Mdogo. Alipunguza redio. Alipangusa mikono, akapangusa tena, akasema, "Ulikuwa bado na baba. Nikakuacha naye kidogo."

Basi jana nilikwenda kwa Mama, nikakaa pembeni mwa sanduku, nikamwambia ile ahadi naibadilisha. Likitokea jambo huku, aanze kwa kuniambia anaumwa kidogo. Yaliyobaki nitamuuliza mwenyewe, nikiwa tayari. Hakuniuliza kwa nini. Aliendelea kukunja nguo zangu, akasema, "Ndio, mutoto wangu. Kidogo tu."

Kadi nimeiacha kabatini, Mama amekataa isiondoke. Amenituma niwaambie wale watoto, mmoja mmoja kwa majina yao, kwamba salamu zao zilifika nyumbani kwako na zilipokelewa vizuri. Hilo nitalifanya kwanza kabla sijafungua sanduku.

Kwaheri, Baba. Nitakuombea kila swala, kule kwenye majani pasipo mbuzi. Na nakuahidi hili: siku simu itakapolia nikaambiwa mtu wetu anaumwa kidogo, sitakimbilia kuuliza. Nitavaa viatu, nitatoka nje, na nitashika njia ya mbali.

Mimi binti yako,
Zaina